Kabla Hujaandika "Somo Limefahamika"

Hotuba kwa wanachuo wa ualimu wanaokwenda mazoezi ya kusomesha, Pemba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wakufunzi wenzangu, walimu walezi mliotoka Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, na nyinyi wanangu ambao wiki ijayo mnaingia madarasani kwa mazoezi ya kusomesha. Nimetakiwa nizungumze juu ya tafakuri ya mwalimu na mazungumzo ya walimu wenyewe kwa wenyewe. Nimelipokea jambo hili kwa moyo mkunjufu, kwa sababu katika yote mnayofundishwa hapa chuoni, hili ndilo linalopuuzwa upesi zaidi mtu akishakabidhiwa darasa lake, na ndilo ambalo likikosekana, mtu hukaa kazini muda mrefu asiongezeke chochote.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupita skuli za kisiwa hiki nikiwatazama wanachuo wakisomesha, kisha kukaa na maandalio yao. Nyote mnalijua andalio la somo lilivyo. Chini kabisa, baada ya hatua zote, pana nafasi ya tathmini na maoni. Hapo ndipo nilipokuwa nakuta sentensi moja, kwa hati safi, skuli hadi skuli, somo hadi somo: "Somo limefahamika kwa wanafunzi walio wengi." Wengine huongeza asilimia. Ukimuuliza mwanachuo asilimia hiyo ameipataje, hukaa kimya, kwa sababu hakuhesabu kitu. Sisemi kwamba wale walikuwa wavivu. Walikuwa wamesimama tangu saa moja na nusu asubuhi, nafasi yenyewe ni mistari miwili, na hakuna aliyewakalisha kitako akawaeleza pale paandikwe nini. Wakaandika walichokuta wenzao waliotangulia wameandika.

Kuna na upande wa pili, na huo unaniuma zaidi. Mwanachuo anatoka darasani, somo limemwendea kombo, watoto wamepiga kelele, zana zimemwangukia, swali moja la mtoto limemfunga mdomo. Usiku anaandika kwenye shajara yake: "Leo nimeshindwa. Nahisi mimi sifai kuwa mwalimu." Nimezisoma sentensi hizo kwa wingi, na aghlabu ziliandikwa na watu waliokuja kuwa walimu wazuri sana. Anayeandika hivyo anadhani amejitafakari, kwa kuwa amejisema kwa ukali na moyo umemuuma.

Basi leo nataka mlishike neno moja. Hizo sentensi mbili, ile ya "limefahamika" na ile ya "mimi sifai", ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zinamhukumu mwalimu. Moja inamwachia huru, nyengine inamtia hatiani. Na katika zote mbili, mwanafunzi hayumo. Hujui mtoto gani alifanya nini, alisema nini, aliandika nini kwenye buku lake. Tafakuri ya mwalimu inaanza pale unapomtazama mtoto mmoja na kazi yake, ukaiona kama ilivyo, kabla hujajipa sifa wala lawama. Na mimi naamini kwamba kuiona hivyo peke yako ni kazi ngumu mno. Unamhitaji mwenzio.

Nikupeni mfano nilioushuhudia, na nitaueleza pole pole kwa sababu kila kitu kimo ndani yake.

Skuli moja ya upande wa kaskazini, darasa la nne, somo la Hesabu. Mwanachuo anasomesha kutoa kwa kuazima. Amejitayarisha: ubao umepangwa, mamia, makumi na mamoja yamechorewa safu zake. Amefanya mifano, darasa limeitikia. "Mmefahamu?" "Tumefahamuuu!" Akatoa zoezi. Hesabu moja ilikuwa 503 kutoa 247. Jibu ni 256.

Baada ya kipindi alisahihisha mabuku, wengi wakiwa wamepata, akaandika kwenye andalio lake ile sentensi. Mkondo wa mchana ulikuwa unaingia na vyumba vinatakiwa, kwa hivyo yeye na wanachuo wenzake wawili wakatoka wakakaa kwenye kibaraza nyuma ya chumba cha walimu, na rundo la mabuku limo mapajani. Mwenzake mmoja akafungua buku la juu, la mtoto wa kike anayekaa dawati la pili. Pana 344, na alama nyekundu ya kosa. Akafungua la pili: 344. La nne: 344. Halafu buku moja lina 166.

Akauliza, "Hii 344 imetoka wapi?" Mwenye somo akajibu kama wengi wetu tunavyojibu: "Hao hawakusikiliza." Mwenzake hakubishana. Alisema tu, "Kama hawakusikiliza, mbona wote wamepata jibu moja? Anayebahatisha hapati sawa na mwenzake."

Wanangu, swali hilo lina thamani kuliko hotuba yangu yote. Wakakaa wakaifanya hesabu kama mtoto alivyoifanya. Tano kutoa mbili, tatu. Sifuri na nne: huwezi kutoa nne kwenye sifuri, basi geuza, nne kutoa sifuri, nne. Tatu na saba: geuza, saba kutoa tatu, nne. Mia tatu na arubaini na nne. Mtoto hakubahatisha hata kidogo. Ana kanuni yake, nayo ni kutoa ndogo kwenye kubwa popote zilipo. Na kanuni hiyo aliipata kwetu. Alipokuwa darasa la kwanza tulimwambia, "Namba ndogo haitolewi kubwa." Akatutii. Darasa la nne tumemtia alama nyekundu kwa utiifu wake, na hatujamwambia kwamba ile kauli ilikuwa ya muda tu.

Na yule wa 166? Huyo kuazima anakujua. Ameazima kwenye mamia ili apate kumi na tatu kwa mamoja, akaitoa saba, ikabaki sita. Sawa. Lakini aliiruka ile sifuri ya katikati, akachukua mia moja akaiita kumi. Alipofika kwenye makumi akakuta sifuri haitoshi, akaazima tena kwenye mamia, akapata kumi kutoa nne, sita. Mamia yamebaki matatu, toa mawili, moja. Mia moja na sitini na sita. Huyu hahitaji kurejeshewa somo lote. Amekwama mahali pamoja tu, penye sifuri, na ukimshika mkono hapo anavuka.

Watoto wawili, makosa mawili, dawa mbili mbalimbali. Kwenye andalio wote wamezama ndani ya "walio wengi".

Asubuhi ya pili yule mwanachuo alikuja na njiti za chelewa. Amezifunga kumi kumi kwa ukindu, na matita kumi ameyafunga pamoja likawa tita kubwa la mia. Akaweka mezani 103 na akataka zitolewe 47. Mtoto akajaribu, njiti tatu zilizo peke yake hazitoshi kutoa saba, matita ya kumi hakuna, lipo lile kubwa tu. Ikabidi alifungue kubwa apate matita kumi, kisha afungue tita moja apate njiti kumi. Mkononi ana matita tisa na njiti kumi na tatu. Kutoka hapo hakuhitaji kuambiwa. Hamsini na sita. Mtoto wa 344 ndiye aliyeitwa mbele kufungua tita, na nilimsikia akisema kwa sauti, mwenyewe, "Kumbe sifuri ilikuwa na tisa ndani yake." Kanuni ya vitabuni haisemi vizuri kuliko hivyo.

Hiyo ndiyo tafakuri. Ilichukua muda wa kunywa chai. Haikuhitaji fomu wala mtandao. Ilihitaji buku la mtoto, mwenzio mwenye swali, na mwenye somo ambaye, baada ya kusema "hawakusikiliza", alikubali kuiacha kauli yake.

Waliolichunguza jambo hili kitaalamu hawako mbali na kibaraza kile. Mmarekani John Dewey aliandika mwaka 1910 kwamba kufikiri kwa kweli huanzia kwenye mkwamo, pale jambo linapokutatiza na hulijui utalitatuaje. Baadaye, mwaka 1933, akataja tabia tatu anazohitaji mwenye kutafakari: awe tayari kupokea fikra asiyoitarajia, atie moyo wake wote, na akubali kuwajibika kwa matokeo ya anachokifanya. Mwaka 1983 akaja Donald Schön, yeye akiwatazama wasanifu majengo, wahandisi na watu wa kazi nyengine, akatofautisha tafakuri ya aina mbili: ile ya papo hapo kazi ikiendelea, na ile ya baada ya kazi kwisha. Mwalimu mzoefu anayeona nyuso za watoto zimeganda akabadilisha mfano katikati ya sentensi, huyo anafanya ya kwanza. Nyinyi bado mna mengi kichwani mkiwa mbele ya darasa, ya kwanza itakujieni kidogo kidogo. Ya pili mnaiweza tangu siku ya mwanzo, na ndiyo inayoizaa ile ya kwanza.

Mtaalamu mwengine, Dan Lortie, mwaka 1975 alionesha jambo ambalo nataka kila mmoja wenu ajipime nalo. Mtu anayeingia chuo cha ualimu si mgeni wa kazi hiyo. Amekaa mbele ya walimu tangu utotoni, saa maelfu, akiwatazama. Kwa hivyo anakuja na mwalimu mzima ndani yake, na hajui kama anaye. Hapa kwetu tunao zaidi ya mmoja. Tumekwenda skuli asubuhi na chuoni kwa mwalimu wa Qur-ani jioni. Chuoni tulijifunza kuitikia kwa pamoja na kuhifadhi kwa kurudia, na kwa kazi ile njia hiyo ni njia yake na ina baraka zake. Lakini chuoni palikuwa na jingine pia, ambalo wengi tunalisahau: kila mtoto aliitwa peke yake akasikilizwa aya yake, na khalifa, yaani mwanafunzi mkubwa aliyetangulia, alimsaidia mdogo wake. Tulipofika skuli tukachukua kule kuitikia kwa pamoja, ule usikilizaji wa mmoja mmoja tukauacha nyuma. Ukiwa na mwenzio nyuma ya darasa anayekutazama, ataweza kukwambia ni mwalimu gani wa utotoni aliyekuwa anasomesha kwa mdomo wako leo. Mwenyewe hutamsikia.

Sasa nifike kwenye jambo zito, na nilisema waziwazi kwa sababu ndilo linalotuzuia. Sisi ni watu wa sitara. Tumelelewa kwamba aibu ya mwenzio ni yako, ukiiona uifunike. Mwanachuo anakaa nyuma ya darasa la mwenzake, anaona kosa, na adabu yake inamwambia anyamaze. Akiulizwa anasema, "Mashaallah, limekwenda vizuri." Mwenzake naye kesho atamlipa kwa maneno yale yale. Wanaagana kwa furaha, na mtoto wa 344 yuko pale pale.

Mimi sikuja kukuambieni muiache sitara. Mtu asiye na sitara si wa kukaa naye faraghani, seuze kumwonesha somo lako lililoharibika. Nakwambieni muiweke mahali pake. Sitara ya mwalimu ni kwamba linalozungumzwa na watatu nyinyi libaki kwenu watatu: halifiki dakhalia mnakolala, halifiki kwenye makundi ya simu, halifiki kwa mkufunzi ila mwenye somo akipenda mwenyewe. Ndani ya hao watatu, jambo lisemwe. Wazee walisema mficha uchi hazai, nao walikuwa watu wa haya kuliko sisi.

Na jina la mtoto nalo lina sitara yake. Usipige picha buku lenye jina lake ukalisambaza ili watu wacheke. Mtoto yule hakukupa kosa lake ulitembeze.

Mtazungumza vipi basi? Kaeni watatu, si zaidi ya wanne. Wakiwa kumi, wawili husema na wanane huvumilia. Aliyesomesha aanze yeye, aseme alikusudia nini na nini kilimshangaza. Akianza mgeni kusema, mwenye somo ataanza kujitetea, na akishaanza kujitetea kikao kimekwisha. Mwenye kutazama aje na alichokiona na kukisikia, kiwe kimeandikwa: mtoto wa dirishani alinakili ubaoni mpaka mwisho wa kipindi bila ya kutazama mifano, uliuliza suali na akajibu yule yule wa mbele mara tatu, mtoto alisema "mvuke ni moshi wa maji" ukapita. Neno "zuri" na neno "baya" yasubiri kwanza. Kuna wakati wake, na mkishakuwa na ushahidi wa kutosha mara nyingi hamtayahitaji.

Halafu ulizaneni masuali ambayo muulizaji mwenyewe hana jibu lake. "Kwa nini hukutumia zana?" hilo si suali, hilo ni shutuma iliyovaa kanzu ya suali. "Unadhani yule mtoto alikuwa anafikiri nini alipoandika vile?" Hapo nyote watatu hamjui, na mtalazimika kwenda kumuuliza. Mkamuulize! Mtoto wa darasa la pili anaweza kukueleza alivyofikiri ukimpa muda na usimkimbize.

Nimetaja muda. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe alipima kitu kidogo sana: mwalimu akishauliza suali, anasubiri kwa muda gani kabla hajamtaja mwengine au kujibu mwenyewe. Akakuta ni kiasi cha sekunde moja. Walimu walipojizoesha kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu, wakaanza kujibu hata wale ambao hawakuwa wakijibu, na "sijui" zikapungua. Hili mnaweza kulifanyia kazi kuanzia Jumatatu. Mwenzio akae nyuma ahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, aandike. Akikuonesha karatasi utastaajabu, maana ukiwa mbele ya darasa kimya cha sekunde mbili unakihisi kama dakika nzima. Na ile "Mmefahamu?" yenu ipumzisheni. Hakuna mtoto wa Kipemba mwenye adabu atakayemjibu mwalimu "la, sijafahamu" mbele ya wenzake. Umemuuliza jambo ambalo jibu lake ni moja tu.

Wanaokwenda kusomesha Sayansi na Hesabu kwa Kiingereza, nyinyi mna mzigo wa ziada. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza masomo hayo yasomeshwe kwa lugha hiyo kuanzia darasa la tano, na mjadala wake mnaujua. Sitauingia leo. Nataka tu mjue kwamba kimya cha mtoto katika somo kama hilo kina maana mbili, na kutoka mbele ya darasa zinafanana kabisa. Pengine hajalijua jambo. Pengine analijua vizuri, hana maneno ya kulisemea. Mwenzio anayekaa karibu na dawati la nyuma ndiye atakayesikia watoto wanavyonong'onezana kwa Kiswahili, na mara nyingi mnong'ono ule ndimo jibu sahihi lilimo. Akirejea na habari hiyo kibarazani, somo la kesho linabadilika.

Shajara: andika kila siku, kidogo. Mistari sita ya jambo moja uliloliona inatosha, na inashinda kurasa mbili za hisia. Hisia ziandike pia, wewe ni binadamu, na siku ambayo umelia usijifanye hukulia. Ila ukishaziandika, rudi kwa mtoto: ni nani, alifanya nini, kesho utajaribu nini. Usiku ukijikuta umeandika "mimi sifai", usilifute. Chini yake jiulize, ni wakati gani hasa wa kipindi ulipohisi hivyo, na kulikuwa kunatokea nini darasani? Utaona linapungua kimo. Lilikuwa dakika tano za kugawa mabuku bila ya mpango, basi.

Sasa nina neno kwa wakufunzi wenzangu, na naomba mnivumilie. Sisi tunawaambia wanachuo waandike kwa uwazi, kisha shajara hiyo hiyo tunaitia alama. Mwanachuo si mjinga. Akijua anayesoma shajara yake ndiye anayempa alama za mazoezi, ataandika shajara ya kumfurahisha, na sisi tutasoma uzuri wa maneno tukadhani tunasoma ukweli. Ombi langu ni kwamba shajara iwe mali ya mwanachuo. Mkufunzi aoneshwe kurasa ambazo mwanachuo amezichagua mwenyewe, na kinachopimwa kiwe alivyolifuata jambo: aliona nini, alijaribu nini, ikatokea nini. Anayeleta somo lililoharibika na akalifuatilia mpaka mwisho apate alama juu ya yule aliyeleta somo lisilo na dosari. Najua fomu zetu hazikuandikwa hivyo. Fomu ni kazi ya mikono yetu, na tunaweza kukaa tukaiandika upya.

Na walimu walezi, nyinyi mna kazi nyengine. Mwanachuo akija skulini msimwachie darasa mkaenda zenu mkutanoni. Mwacheni na yeye akae nyuma akutazameni, kisha mseme mbele yake jambo moja ambalo halikukuendeeni sawa siku ile na mlivyolifikiria. Akikusikia wewe mwalimu mzoefu unasema hivyo, ataacha kuona haya kusema lake.

Hili tunalolizungumza si geni duniani. Wajapani wana utaratibu wao wa zaidi ya miaka 100: walimu wanaliandaa somo kwa pamoja, mmoja wao analisomesha, wengine wanasimama pembezoni mwa darasa wakiwatazama watoto, kisha wanakaa kulijadili, na mara nyengine linasomeshwa tena likiwa limerekebishwa. Nataka mzingatie wanamtazama nani. Wanawatazama watoto. Somo likiharibika, limeharibika la wote, kwa sababu wote waliliandaa. Zambia waliuanza utaratibu huo mwaka 2005 katika Mkoa wa Kati, wakianzia masomo ya sayansi, wakauendeleza. Sisi hapa tuna vituo vya walimu, Michakaeni kwa upande wa Chake Chake, Mitiulaya kwa upande wa Wete, na vyengine. Nyumba tunazo. Kinachotakiwa ni kwamba walimu wanaokutana humo wawe na mabuku ya wanafunzi mezani.

Mwaka 1964, tarehe 23 Septemba, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo, na mlango uliokuwa wazi kwa wachache ukafunguliwa kwa watoto wa wote. Babu na bibi zenu wengine waliingia skuli kwa tangazo lile. Mtoto akishaingia, kazi iliyobaki ni yetu, na haiwezi kufanywa kwa tangazo. Inafanywa kwa mtu kukaa na buku la mtoto mmoja akajiuliza hii 344 imetoka wapi.

Baada ya hotuba waliniuliza masuali, na mawili nimeona niyaandike hapa pamoja na nilivyojibu.

Mwanachuo mmoja wa kiume aliniuliza: "Mwalimu, skuli niliyopangiwa niko peke yangu. Wenzangu wote wako mbali. Nitazungumza na nani?" Nilimwambia hali hiyo ipo, hasa kwa skuli za pembezoni na za visiwa vidogo. Kwanza atafute mwalimu mmoja kijana pale pale skulini, hata kama hasomeshi somo lake, kwa sababu wa somo jengine huuliza masuali ambayo wa somo lako anayaona wazi mno kuyauliza. Akikosa, apigiane simu na mwenzake siku maalumu, kila mmoja akiwa na buku mbele yake, wasomeane kosa la mtoto mmoja tu na wajaribu kulifuata lilikotoka. Muda wa maongezi unaogharimu hapo ni mdogo. Na wakati wote amtumie mwanafunzi mwenyewe: baada ya kipindi amwite mmoja, amuulize kwa upole, "Nioneshe ulivyofanya." Hiyo nayo ni kuzungumza na mwenzio wa kazi.

La pili liliulizwa na mwanachuo wa kike, na ukumbi ulinyamaza alipoliuliza. "Kama mwenzangu ananitazama ili aje anicheke, nifanye nini?" Nilimjibu kwamba ana haki ya kumkataa. Watatu hawapangwi kwa orodha ya majina, wanachaguana, na mtu akivunja sitara mara moja anaombwa atoke, kwa heshima, bila ya kelele. Nikawageukia wakufunzi nikawaomba wasiwapangie wanachuo makundi hayo kwa nambari za usajili. Mkuu wa mafunzo alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alisimama akasema kwamba orodha iliyobandikwa ubaoni asubuhi ile itaondolewa, na wanachuo wana mpaka Ijumaa baada ya sala kuleta majina ya watatu watatu waliokubaliana wenyewe.